UZI: Korchnoi alilikosa taji la dunia Moscow 1974, si Baguio 1978

Kete_Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Viktor Korchnoi anapotajwa humu, mjadala hauchukui muda kuhamia kwenye mtindi, miwani ya vioo na yule mwanasaikolojia aliyekuwa akimkodolea macho ukumbini. Hadithi tamu, sikatai, na najua tutafika huko. Ila zinatufanya tuisahau kazi yenyewe ya huyu mtu, aliyeishi kwa chesi tangu ujana hadi uzee wa kutembezwa kwenye kiti cha magurudumu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Vitabu vinasema Korchnoi alicheza mechi mbili za ubingwa wa dunia, 1978 na 1981, zote akafungwa na Anatoly Karpov. Mimi nasema alicheza tatu. Ya kwanza ilikuwa Moscow mwaka 1974. Haikuitwa ya ubingwa, lakini angeshinda angepata taji bila kusogeza kete nyingine hata moja.

Nianzie mbali kidogo. Alizaliwa Leningrad tarehe 23 Machi 1931. Mji ulipozingirwa na Wajerumani alikuwa na miaka kumi. Baba yake alikufa 1941 kwenye Ziwa Ladoga, akabaki mikononi mwa mama wa kambo katika mji ambao watu walikuwa wanakufa kwa njaa kila siku. Aliyetoka pale akawa mchezaji wa aina yake: ukimtegea askari wa bure anamla, halafu anakaa kujilinda kwa saa nyingi huku wewe unamrushia kila ulichonacho. Wenzake wengi waliogopa kubanwa, yeye alikuwa anakutafuta umbane, kisha anakumaliza ukiwa umeishiwa pumzi. Kama vita ndivyo vilivyomfundisha hivyo, waamue wataalamu wa akili.

Mwalimu wake wa utotoni alikuwa Vladimir Zak, huyohuyo aliyemlea Boris Spassky. Mwaka 1956 akawa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha mchezaji wa chesi. Akachukua ubingwa wa Umoja wa Kisovieti mara nne kati ya 1960 na 1970, enzi ambazo ubingwa huo ulikuwa mgumu kuliko mashindano mengi ya kimataifa kwa sababu wakali wengi wa dunia walikuwa wanaishi humohumo ndani.

Sasa hapa pana jambo ambalo mashabiki hulipita haraka: ajira. Mchezaji mkubwa wa Kisovieti alikuwa mtumishi wa dola. Anapewa posho ya kila mwezi, kambi, wasaidizi, na ruhusa ya kusafiri. Hiyo ruhusa ndiyo ilikuwa mshahara wenyewe, maana zawadi za fedha za kigeni zilikuwa nje ya mipaka. Anayeamua nani apande ndege ndiye mwajiri wako. Likumbukeni hilo tukifika 1974.

Naendelea chini.

Ngome_H8

Nipo mkuu, shusha vitu. Ila hoja ya "mechi tatu" itabidi uitetee vizuri, maana 1974 bingwa wa dunia alikuwa Mmarekani Bobby Fischer. Korchnoi na Karpov walikuwa wanagombea nafasi ya kukutana naye tu.

Kete_Nyeusi

Mkuu Ngome, ndiyo ninakoelekea.

Fainali ya Wagombea, mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa, ilichezwa Moscow, Septemba hadi Novemba 1974. Gemu 24. Karpov ana miaka 23, Korchnoi 43. Kijana akatangulia: akashinda gemu ya 2, ya 6 na ya 17. Tatu bila, zimebaki saba. Ukumbi mzima ulishafunga hesabu.

Gemu ya 19 Korchnoi akashinda. Ya 21 akashinda tena, na hii nitairudia kwa sababu iliisha kwa hatua 19, kitu ambacho kwa Karpov ni kama kumkuta amelala barabarani. Ikawa 3 kwa 2. Gemu tatu za mwisho Karpov akajifungia ndani, sare, sare, sare. Pointi 12.5 kwa 11.5. Tofauti ya ushindi mmoja katika gemu 24, kumi na tisa zikiwa sare.

Baada ya hapo Fischer hakutokea. Tarehe 3 Aprili 1975 FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikamtangaza Karpov bingwa wa dunia. Kwa hiyo taji la dunia la 1975 liliamuliwa Moscow mwaka uliotangulia, kwa ushindi mmoja, na wachezaji wote wawili wakiwa hawajui.

BintiGambiti

Kaka, hapo kuna shimo. Fischer alimkimbia Karpov. Nani kasema angemkimbia Korchnoi? Fischer alimjua Korchnoi tangu Buenos Aires 1960, walishacheza mara kadhaa. Angeweza kusema huyu mzee namuweza, akaja.

Kete_Nyeusi

Dada, angalia tarehe. Fischer alituma simu ya maandishi kwa FIDE ya kuachia taji Juni 1974. Fainali ya Moscow ilianza Septemba. Alipokuwa anagombana kuhusu masharti hakuwa anajua mpinzani ni nani.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa na FIDE. Alitaka mechi ya ushindi kumi, sare zisihesabiwe, na ikifika 9 kwa 9 bingwa abaki na taji lake. FIDE wakakubali ushindi kumi, wakakataa hiyo ya 9 kwa 9. Akagoma. Ungemwekea Korchnoi pale au yeyote, sharti lilikuwa lilelile na jibu la FIDE lilikuwa lilelile.

Ngome_H8

Hapo nakubali nusu. Fischer hakuwa mtu wa kutabirika, lakini hiyo tarehe ya Juni ina uzito.

Askari_Aliyepita

Wakuu mnazunguka mbuyu. Karpov alikuwa bora, kwisha. Mechi tatu, kashinda tatu. Merano, Italia, 1981 ilikuwa 6 kwa 2 na sare 10, gemu 18 tu wakafunga virago. Mtu bora angepata angalau moja.

Kete_Nyeusi

Merano nitakujibu, ndugu yangu, subiri kidogo kwa sababu Merano bila habari ya mtoto haieleweki.

Kwanza kilichofuata 1974. Korchnoi alikuwa na mdomo. Akamkosoa Karpov hadharani, akisema hakuona kwamba kijana anamzidi. Jibu la dola likawa lile nililowaambia mlikumbuke: posho ikapunguzwa na safari za nje zikafungwa kwa muda. Si jela wala kipigo. Ni kumkatia mchezaji hewa. Kwa mtu wa miaka 44 ambaye kila mwaka una thamani, kukosa mashindano ya nje ni kuuawa taratibu kikazi. Yeye mwenyewe alilalamika hadi uzeeni kwamba wakubwa walikuwa wameshamchagua kijana kabla mechi haijaanza, na kwamba hata kupata wasaidizi ilikuwa shida. Punguza chumvi utakavyo, hiyo adhabu ya baada ya mechi hakuitunga.

Julai 1976 waliporuhusu akacheze Amsterdam, aligawana nafasi ya kwanza na Mwingereza Tony Miles, kisha akaingia kituo cha polisi kuomba hifadhi. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alimuuliza Miles namna ya kuandika "hifadhi ya kisiasa" kwa Kiingereza. Alikuwa grandimasta mkubwa wa kwanza wa Kisovieti kufanya hivyo. Nyumbani aliwaacha mke wake Bella na mtoto wao Igor.

Magrandimasta wenzake wengi wakatia saini barua ya kumlaani. Wachache walikataa, wakiwemo Botvinnik, Bronstein na Spassky. Spassky, kumbukeni, ndiye aliyemfunga Korchnoi fainali ya Wagombea 1968 na ndiye aliyefungwa na Korchnoi fainali ya 1977. Hawakuwa marafiki wa kunywea chai, hasa baada ya hiyo ya 1977. Lakini saini hakuweka.

BintiGambiti

Mimi hapo kwa mke na mtoto ndipo ninapokwama kila mara. Tunamsifu kwa ujasiri, sawa, lakini ujasiri wake aliulipia mtu mwingine. Igor alifungwa.

Kete_Nyeusi

Sikatai dada. Igor alinyimwa ruhusa ya kumfuata baba, akaitwa jeshini, akakataa kwa sababu ukishatumikia jeshi wanakuzuia miaka mingi kwa kisingizio cha siri za ulinzi. Akahukumiwa miaka miwili na nusu, akapelekwa kambi ya kazi. Aliachiwa 1982.

Sasa ndugu Askari_Aliyepita, weka tarehe pamoja. Merano ilichezwa Oktoba na Novemba 1981. Mpinzani wa Karpov alikaa mezani akiwa na miaka 50, mtoto wake akiwa kambini mikononi mwa dola iliyokuwa nyuma ya Karpov. Karpov alicheza vizuri sana pale, hata angekutana na Korchnoi mwenye furaha pengine angeshinda. Mimi sidai kinyume. Nasema tu usiitumie Merano kama mizani ya nani bora.

Askari_Aliyepita

Sawa, Merano naiondoa mezani. Bado Baguio. Na Baguio hakukuwa na mtoto gerezani.

MzeeWaSare

Vijana, Baguio mniachie mimi, ndiyo mechi niliyoipitia gemu kwa gemu tangu ya kwanza hadi ya 32.

Ufilipino, 1978. Kanuni: wa kwanza kufikisha ushindi sita, sare hazihesabiwi. Kila mtu ameshasikia vituko. Karpov aliletewa mtindi katikati ya gemu ya 2, upande wa Korchnoi wakaandika malalamiko kwamba rangi ya mtindi inaweza kuwa ujumbe wa siri. Kiti cha Korchnoi kilipigwa picha ya eksirei. Bendera zikaleta kesi kwa sababu Korchnoi alikuwa anaishi Uswisi lakini hana uraia wa nchi yoyote, mwisho meza ikabaki bila bendera. Vladimir Zukhar, yule mwanasaikolojia wa upande wa Karpov, akakaa mbele kumkodolea macho, Korchnoi akavaa miwani ya vioo, kisha upande wake ukaleta watu wawili wa Ananda Marga, kundi la kidini lenye asili ya India, wa kufundisha kutafakari, ambao walikuwa nje kwa dhamana kwa kesi ya jaribio la kuua. Hapo hata mtunzi wa vichekesho angesema imezidi.

Lakini chesi yenyewe! Gemu ya 5 Korchnoi alikuwa na nafasi ya kumfunga Karpov, akabanwa na saa, hakuiona, wakacheza hatua 124 hadi mfalme akakosa pa kwenda bila kuwa hatarini, sare. Ilikuwa gemu ndefu kuliko zote za ubingwa wa dunia hadi Carlsen na Nepomniachtchi walipofika hatua 136 mwaka 2021. Gemu ya 17 akabanwa na saa tena, farasi wawili wa Karpov wakamfunga kamba mfalme wake. Baada ya gemu ya 27 ilikuwa 5 kwa 2. Karpov anahitaji mmoja tu.

Korchnoi akashinda ya 28. Akashinda ya 29. Ya 30 sare. Akashinda ya 31, mwisho wa mchezo wa ngome kwa ngome, mzuri sana. Tano kwa tano! Gemu ya 32 Karpov akaikamata, mechi ikaisha.

Kwa hiyo Kete_Nyeusi, mimi ndiye nakupinga kwa dhati. Taji alilikosa pale. Gemu ya 5 na ya 17 angezimalizia vizuri, tusingekuwa na uzi huu.

Kete_Nyeusi

Mzee wangu, shikamoo, na hilo ndilo pingamizi nililokuwa nalisubiri.

Nakubaliana na kila ulichosema kuhusu ubao. Tofauti yetu iko hapa. Baguio alikuwa akimfukuza bingwa aliyekaa madarakani, mwenye timu ya dola nzima nyuma yake, yeye akiwa na miaka 47, hana nchi, na wasaidizi wa kuokoteza ukilinganisha na wa mwenzake. Kufika 5 kwa 5 katika hali ile ni maajabu. Lakini hali ile yote ilizaliwa Moscow. Angeshinda 1974, adhabu isingekuwepo, Amsterdam isingekuwepo, na Karpov ndiye angekuwa anapita tena kwenye Wagombea kumtafuta yeye.

MzeeWaSare

Marahaba mwanangu. Hoja nimeielewa, sijaikubali. Mtu aliyekosa kufunga Baguio ni yuleyule aliyekosa pointi moja Moscow. Saa ilimbana kote kote. Hiyo ni tabia, haiji kwa sababu ya Brezhnev.

Kete_Nyeusi

😂 Hapo mzee umenipata pabaya. Kubanwa na saa kulikuwa kwake kweli.

Ngome_H8

Tuhame kidogo. Mleta uzi umeanza na habari ya ajira, halafu umeiacha njiani. Baada ya kutoroka aliishije? Posho hakuna tena.

Kete_Nyeusi

Swali zuri, na kwangu hapa ndipo palipo na mafunzo kwa anayetaka kuishi kwa chesi.

Alikuwa na tatizo ambalo wachache wamewahi kuwa nalo: mgomo. Wasovieti walikataa kupeleka wachezaji kwenye mashindano yoyote ya mwaliko aliyoalikwa yeye. Jiweke kwenye viatu vya mwandaaji. Unamtaka bingwa wa dunia Karpov na wenzake watatu wanne, au unamtaka Korchnoi peke yake? Wengi walichagua njia rahisi. Mtu aliyekuwa wa pili kwa ubora duniani akawa hapati mialiko ya maana.

Akabaki na mashindano ambayo hayahitaji mwaliko au ambayo hayawezi kumzuia. Olimpiadi ya Buenos Aires 1978, wiki chache baada ya kupoteza Baguio, alikaa ubao wa kwanza wa Uswisi na kutoka na matokeo bora ya ubao huo. Mtu mwingine angelala mwezi mzima. Na mzunguko wa Wagombea, ambao FIDE haikuweza kumtoa.

Kisha ikaja 1983. Nusu fainali ya Wagombea dhidi ya Garry Kasparov, miaka 20. FIDE wakapanga Pasadena, Marekani. Wasovieti wakagoma kumpeleka. Korchnoi akaenda, akasogeza hatua moja, saa ya Kasparov ikaisha, ushindi wa bure. Fainali mkononi, hajamwaga jasho.

Akakubali kuurudisha! Wakaenda kucheza London, na mgomo dhidi yake ukafa. Akashinda gemu ya kwanza, halafu Kasparov akaamka, 7 kwa 4. Watu husema ulikuwa uungwana, na uungwana ulikuwepo. Mimi naona pia hesabu ya fundi. Alikuwa na miaka 52. Ushindi wa mezani ungemfikisha fainali moja, lakini kufunguliwa milango ya mashindano kulimpa miaka mingine ya kazi. Na akaitumia: Wagombea ya 1985, ya 1988, na ya 1991 akiwa anagonga miaka 60.

Askari_Aliyepita

Hii ya London sikuwahi kuitazama hivyo. Heko mkuu.

Halafu ile ya kucheza na mzimu ni kweli au ni chumvi ya mitandao?

Kete_Nyeusi

Kucheza alicheza, mzimu ni imani yako. Mwaka 1985 palipangwa gemu kati yake na Géza Maróczy, grandimasta wa Hungaria aliyefariki 1951. Hatua za marehemu zilipitia kwa mtu anayedai kuongea na wafu, Robert Rollans. Iliisha 1993, hatua 47, Korchnoi akiwa na nyeusi kwenye Ulinzi wa Kifaransa, mmoja wa mifumo ya kufungulia gemu kwa nyeusi, akashinda. Kifaransa tena, ulinzi wake wa maisha. Hata wafu hakuwapa ufunguzi mpya.

BintiGambiti

😂😂 Na bado angekasirika kama angepoteza.

Kete_Nyeusi

Angemwambia mzimu kwamba hajui kucheza. Kukasirika baada ya kufungwa kulikuwa sehemu ya mtu huyu, wadogo na wakubwa waliionja hasira yake.

Nimalizie na uzee wake, maana huku ndiko hakuna wa kulinganisha naye. Orodha ya FIDE ya Januari 2007 inamwonyesha nafasi ya 85 duniani. Miaka 75. Hajawahi kuwepo mzee kama huyo ndani ya mia bora. Mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa wazee. Ubingwa wa Uswisi aliuchukua mara tano, mbili za mwisho 2009 na 2011, hiyo ya 2011 akiwa na miaka 80. Mwanzoni mwa 2011 huko Gibraltar, bado ana 79, akamfunga Fabiano Caruana wa miaka 18, huyu aliyekuja kucheza mechi ya ubingwa na Carlsen 2018. Alishawafunga Botvinnik, Smyslov, Tal, Petrosian, Spassky, Fischer, Karpov na Kasparov, kila mmoja kwa wakati wake. Tal, yule mchawi wa mashambulizi, ndiye Korchnoi aliyemwonea zaidi. Unamshambulia mtu anayependa kushambuliwa, unategemea nini?

Baada ya kiharusi bado alicheza Zurich 2015 na Wolfgang Uhlmann, mtu mwingine aliyezeeka na Ulinzi wa Kifaransa. Akafariki Juni 2016 huko Wohlen, Uswisi, akiwa na miaka 85.

Ngome_H8

Mkuu, mimi ni mgeni wa gemu zake. Nianze na ipi?

Kete_Nyeusi

Gemu ya 21, Moscow 1974. Weka kete ubaoni, usitumie injini. Korchnoi ana nyeupe. Fika hatua ya 12, Karpov anasogeza ngome b8 bila kushtuka, kisha funika hatua inayofuata kwa kiganja uitafute mwenyewe. Ni farasi, na analenga h7.

MzeeWaSare

Usimsikilize. Anza na ya 31 ya Baguio. Hiyo ya 21 Karpov alijifunga mwenyewe, hii ya 31 ilibidi afungwe.